KIPANDE CHA BUSTANI NA AMANI YA MOYO

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia



Tunapokutana kwa jina la Haki na Amani, mara nyingi mazungumzo yetu huelekea kwenye mambo makubwa: uchaguzi, rushwa, vita vya nchi jirani, migogoro ya mipaka ya vijiji. Mambo hayo yana mahali pake. Leo tumechagua jambo dogo linalopimika kwa hatua za miguu, yaani kipande cha bustani. Tunataka kulitazama pamoja na jambo jingine ambalo katika jumuiya zetu husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni mzigo wa moyo.

Watu wenye mzigo huo tunawajua. Yuko mstaafu ambaye tangu aache kazi hukaa barazani kutwa nzima bila kusema neno. Yuko mjane aliyenyang'anywa shamba na wakwe, akahamia mjini katika chumba cha kupanga. Yuko kijana aliyemaliza masomo, akatafuta kazi mpaka akachoka, na sasa usiku halali na mchana haamki. Tunawaombea, tunawatembelea, tunawaambia wajipe moyo. Hayo ni mema. Hoja yetu leo ni kwamba moyo uliochoka huhitaji pia mahali pake. Na mahali hapo pakilindwa kwa haki, majira ya mwaka humfanyia mtu kazi ambayo maneno yetu matupu hayawezi kuifanya.

Ili tusizungumze juu juu, tutatazama kwanza nchi za Ulaya ambazo zimeishi na vipande vya bustani kwa zaidi ya miaka 100, ndipo turudi nyumbani kwetu.

1. Vipande hivi vilitoka wapi

Katika Uingereza, hasa kuanzia karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia uzio ardhi ya pamoja ya vijiji. Mahali ambapo maskini alichunga ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni pakawa mali ya wenye mashamba makubwa. Wengi wakabaki vibarua. Wengine wakakimbilia miji ya viwanda. Kipande cha bustani kilizaliwa kutokana na dhuluma hiyo, kama fidia ndogo kwa watu waliopoteza ardhi kubwa. Asili hiyo tusiisahau, maana ndiyo inayoliingiza jambo hili katika kazi ya Kamati zetu.

Mwaka 1908 ilitungwa sheria iliyozipa halmashauri za mitaa wajibu wa kutoa vipande pale wananchi wanapovihitaji. Wakazi sita tu, waliojiandikisha kupiga kura au wanaolipa kodi ya mahali hapo, wanaweza kupeleka maombi yao, na halmashauri haina budi kuyazingatia. Kipimo cha desturi ni kama meta za mraba 250, na mpangaji hulipa kodi kwa mwaka. Mwaka 1925 ikaongezwa kinga nyingine: ardhi ya halmashauri iliyotengwa rasmi kwa ajili hiyo isiuzwe wala kubadilishiwa matumizi bila idhini ya waziri.

Liko sharti moja ambalo tunawaomba mlitie moyoni. Kwa sheria ya 1922, ilivyorekebishwa mwaka 1950, mwenye ardhi anayetaka kumwondoa mlimaji ampe kwa kawaida taarifa ya miezi 12 au zaidi. Aidha taarifa hiyo haiwezi kuisha katikati ya msimu wa mazao: lazima iishe ifikapo tarehe 6 Aprili au kabla yake, ama tarehe 29 Septemba au baada yake. Kwa maneno mengine, aliyepanda apewe nafasi ya kuvuna. Hiyo ni sheria inayojua kwamba ardhi ina majira na kwamba mlimaji ana moyo.

2. Padre mmoja na mama mmoja

Katika Ufaransa jambo hili lilisukumwa mbele na Wakatoliki. Katika mji wa Sedan, mwanzoni mwa miaka ya 1890, mama mmoja mlei, Félicie Hervieu, aliona kwamba sadaka ya fedha haikuziinua familia maskini. Akaanza kuzipatia ardhi ya kulima, mbegu na zana. Mwaka 1896 Padre Jules Lemire, mwalimu wa seminari wa zamani na mbunge aliyetoka mji wa Hazebrouck kaskazini mwa nchi hiyo, aliunda chama cha kuzipatia familia za wafanyakazi kipande cha ardhi na makazi. Chama hicho kilieneza bustani za wafanyakazi katika miji mingi ya viwanda.

Miaka mitano kabla yake Papa Leo wa XIII alikuwa ametoa waraka wa Rerum Novarum wa 1891, akifundisha kwamba mtu hufanya kazi kwa moyo zaidi katika ardhi anayoweza kuiita yake. Padre Lemire aliyachukua mafundisho hayo akayapeleka kwa mfanyakazi aliyekaa na familia nzima katika chumba kimoja chenye moshi. Alitaka baba, mama na watoto wapate mahali pa kukaa pamoja nje, penye hewa safi, wakifanya kazi isiyosimamiwa na bwana.

Tuwataje pia Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, ambao wana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Baada ya mgomo mkubwa wa 1926, wachimbaji wengi wa makaa ya mawe wa Wales ya Kusini walibaki bila kazi. Marafiki wakawasaidia kupata mbegu na zana za bustani. Mchimbaji aliyekaa bure miezi mingi alihitaji chakula, na pia alihitaji sababu ya kuamka asubuhi.

3. Mwaka mmoja katika kipande

Tuufuate sasa mwaka wa mlimaji wa Uingereza, tuone majira yanavyomlea.

Mwezi Machi udongo huanza kupata joto. Mlimaji hung'oa magugu, huchanganya mboji, hunyoosha matuta. Kwa desturi ya zamani wengi hupanda viazi mviringo siku ya Ijumaa Kuu. Hata hivyo, jalidi, yaani umande ulioganda, inaweza kuunguza miche hata mwezi Mei. Kwa hiyo mtu hujifunza kutazama mbingu na kutokurupuka.

Kiangazi kikifika, mwezi Juni, mchana wa London huwa mrefu kupita muda wa saa 16. Njegere hupanda vijiti, vitunguu hutunga, na usiku konokono wasio na gamba hutafuna miche michanga. Mlimaji hupata hasara na hupata mavuno katika wiki ile ile. Maboga yakizidi, hayawekeki. Humpa jirani, na jirani humrudishia vitunguu.

Septemba na Oktoba majani hupukutika. Viazi huchimbwa, makanisa hufanya ibada za shukrani ya mavuno, na majani makavu hukusanywa yawe mboji. Ndipo hupandwa vitunguu saumu. Mmea huu una jambo la kutufundisha: punje iliyozikwa ardhini huhitaji kupata baridi ndipo igawanyike kuwa punje nyingi. Ikikosa baridi ya kutosha, mara nyingi hutoa kichwa kimoja kisichogawanyika. Mavuno yake ni Julai ya mwaka unaofuata.

Kisha huja majira ya baridi. Mwezi Desemba mchana wa London haufikii muda wa saa 8, na madaktari wa huko wanaufahamu vizuri ugonjwa wa huzuni unaowarudia watu wengine kila majira hayo. Bustani nayo huonekana kama imekufa. Lakini mlimaji anajua kwamba sukuma wiki za kwao huwa tamu zaidi baada ya jalidi, kwa kuwa mmea huongeza sukari ndani yake ili kujikinga na baridi. Anajua pia kwamba vitunguu saumu vimo ardhini. Huja siku moja katika wiki, hunoa jembe, huchambua mbegu, huzungumza na jirani, hurudi nyumbani.

4. Moyo hupata nini

Kwanza, moyo hupata kazi ya leo. Mtu aliyeelemewa huona maisha yake yote kwa mara moja, mlima usiopandika. Tuta la mchicha halimtaki apande mlima. Lamtaka amwagilie maji jioni hii. Kazi hiyo ni ndogo kiasi cha kutimizika, na ni ya kweli kiasi kwamba asipoifanya mmea utanyauka.

Pili, moyo hupata kungoja kwenye mwisho. Anayengoja kazi hajui ataitwa lini, wala anayengoja hukumu ya kesi ya ardhi hajui itasomwa lini. Kungoja kwa namna hiyo hula roho. Aliyepanda hungoja pia, ila anahesabu wiki, na anaona jani la tatu baada ya jani la pili.

Tatu, moyo hupata jirani asiyehoji. Watu wawili wanaopalilia matuta yanayopakana wanaweza kukaa kimya saa nzima pasiwe na ubaya. Na siku mmoja akiwa na neno la kusema, mwenzake yupo pale, ameinama, hamkodolei macho.

Hayo si mawazo matupu. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walitangaza jaribio walilofanya kwa walimaji 30 wa vipande vya bustani. Kwanza waliwapa zoezi la kuwachosha akili. Kisha nusu yao wakafanya kazi nyepesi bustanini kwa dakika 30, na nusu wakasoma ndani ya nyumba kwa muda huo huo. Mate yao yalipopimwa, kiasi cha homoni ya msongo kilikuwa kimeshuka kwa wote, lakini kilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini. Hali yao ya moyo nayo ilirudi kuwa njema kabisa, jambo ambalo halikutokea kwa waliosoma. Idadi ya watu hao ni ndogo, nasi tusiipe uzito kupita kiasi. Hata hivyo inalingana na yale ambayo walimaji wengi wamekuwa wakiyasema kwa miaka mingi.

5. Walioteswa walipopewa jembe

Mjini London, mwaka 1985, Helen Bamber alianzisha taasisi ya kuwatibu watu walioteswa na serikali za nchi zao, ambayo tangu 2011 inaitwa Freedom from Torture. Mwaka 1992 mshauri wa nafsi Jenny Grut alianza huko mradi wa kuwahudumia baadhi ya wakimbizi hao katika vipande vya bustani. Mshauri alifanya kazi ya udongo pamoja nao, na mazungumzo ya uponyaji yakafanyika humo humo, kati ya matuta.

Si vigumu kuelewa faida yake. Kwa mtu aliyehojiwa na kupigwa katika chumba kilichofungwa, kuketi tena chumbani mbele ya mgeni mwenye kalamu kunaweza kuwa adhabu mpya. Mbele ya tuta, mikono ina kazi na mlango haupo. Aidha, baadhi ya wakimbizi walikuwa wakulima kwao. Mtu aliyepotelewa na lugha, heshima na nchi hukuta kwamba mikono yake bado inajua kitu. Nabii Yeremia alipowaandikia wahamishwa wa Babeli aliwahimiza, pamoja na mambo mengine, wapande bustani na kula matunda yake. Aliwajua watu waliovunjika moyo, naye hakuona kwamba ushauri wa bustani ulikuwa mdogo mno kwao.

6. Pingamizi mbili za haki

Wako watakaosema: "Baba, sisi tumelima tangu utoto. Jembe limetuchosha migongo. Hao wa Ulaya wanacheza bustani. Sisi tunatafuta ugali." Pingamizi hili ni la kweli. Mama anayelima toka alfajiri, akarudi kuteka maji na kupika, haponi kwa kuongezewa tuta. Tena katika shule zetu nyingi jembe limekuwa fimbo: mtoto aliyechelewa hupewa eneo la kulima kama adhabu, akakua akiamini kwamba udongo ni mahali pa wakosaji. Kwa hiyo tuseme wazi kwamba kinachoponya si jembe lenyewe. Kinachoponya ni kipande kidogo ambacho mtu amekiomba kwa hiari yake, anachokipanga mwenyewe, na ambacho mavuno yake ni yake. Bustani ya kushurutishwa ni kibarua kama vibarua vingine.

Pingamizi la pili ni la waganguzi wetu: je, tunataka kuweka bustani badala ya hospitali? Hasha. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, asiyekula, au anayezungumzia kujiua, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, wala asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Bustani ni mwenzi wa matibabu, nayo husaidia wengi wasifike huko. Haichukui nafasi ya dawa.

7. Sisi tufanye nini

Tumetaja wajane walionyang'anywa ardhi na wastaafu wa vyumba vya kupanga. Parokia na vigango vyetu vingi, kwa upande mwingine, vina viwanja vilivyoota nyasi, vikingojea mradi utakaokuja siku moja. Tunapendekeza kwa Halmashauri za Walei mambo yafuatayo:

a) Kiwanja kipimwe vipande vidogo. Hatua 10 kwa 10 zamtosha mtu mmoja kuanza. Kipande kikubwa humshinda aliyedhoofika, na kikimshinda humwongezea aibu.

b) Makubaliano yaandikwe. Hapa ndipo Kamati ya Haki na Amani ina kazi yake hasa. Kwa nini tumeisifu ile sheria ya taarifa ya miezi 12? Kwa sababu hatuwezi kumwambia mtu mwenye hofu apande na angoje, huku paroko mpya au mwenyekiti mpya akiweza kumfukuza kabla ya mavuno. Kwa mtu huyo itakuwa mara ya pili kunyang'anywa, na safari hii mnyang'anyi atakuwa Kanisa. Iandikwe kwamba hakuna atakayeondolewa mazao yakiwa shambani, na kwamba taarifa itatolewa mwaka mzima mbele.

c) Bustani isiitwe ya wagonjwa. Vipande vigawiwe kwa yeyote asiye na ardhi, mwenye huzuni na mwenye furaha wapakane. Pawepo ada ndogo, hata kama ni ya fungu moja la mboga kwa mwezi, maana apewaye bure kila siku hujisikia mdogo.

d) Tufuate majira yetu. Penye mvua mbili, matuta yaandaliwe kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Kiangazi kitumike kwa mboji, samadi na kutengeneza vyombo. Nyanda za juu za kusini, zenye msimu mmoja mrefu wa mvua, zipange kwa namna yake. Aliyekata tamaa aanze na mchicha, ambao hufaa kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ajionee kwamba kitu alichokipanda kimekua. Baadaye aongeze sukuma wiki na bamia, na mwisho apande mihogo au mpapai, mimea inayomdai aamini kwamba mwakani atakuwapo.

e) Maji yaangaliwe. Katika miji yetu mito mingine hupokea uchafu wa vyoo na viwanda. Mboga isimwagiliwe humo. Pasipo na kiwanja kabisa, tukumbuke akina mama wa Kibera, Nairobi, ambao wameotesha sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo mlangoni mwa nyumba zao.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Tukingoja fedha za wafadhili, ramani nzuri na uzio wa matofali, msimu utapita. Kamba, vigingi na daftari la makubaliano vyatosha kuanzia.

Ndugu wapendwa, Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, ambalo mfalme alilitaka liwe bustani ya mboga. Aliuawa kwa ajili hiyo. Maandiko yanatukumbusha kwamba bustani nzuri inaweza kujengwa juu ya dhuluma. Kazi yetu ni kuijenga juu ya haki, ili yule mstaafu wa barazani, yule mjane na yule kijana wapate mahali ambapo hakuna atakayewaambia ondokeni kabla mbegu yao haijaota na kuzaa. 

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu ni nani asiye na ardhi ya kulima hata tuta moja? Aliipotezaje?

2. Parokia au kigango chetu kina kiwanja gani kisichotumika, na ni nani mwenye mamlaka ya kukigawa?

3. Je, watoto wetu wanaliona jembe kuwa adhabu? Sisi wazazi na walimu tumechangia nini katika hilo?

4. Andikeni pamoja masharti matano ambayo mngetaka yawemo katika makubaliano ya kipande cha bustani. Ni sharti lipi linalomlinda aliye mnyonge zaidi?